Kilichosukuma Ahadi na Kilichosukuma Kazi: Kisa cha Kiwanda cha Korosho Mkoani Mtwara

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kiwanda kimoja cha kubangua korosho mkoani Mtwara, kati ya msimu wa 2022/2023 na mwaka 2025. Jina la kampuni, wilaya ilipo, wanunuzi wake, benki yake na takwimu za uzalishaji wake vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Niliitwa na kampuni hiyo kusaidia upande wa hesabu za nishati, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza niliyaona au niliyasoma katika kumbukumbu zake, na uongozi umekubali yaandikwe kwa sharti la kufichwa utambulisho.

Ninaliandikia kundi ambalo siku hizi linaulizwa maswali mazito bila kupewa maandalizi: mameneja wa viwanda vya kati, maofisa mikopo, viongozi wa ushirika na wahasibu. Ninachofuatilia ni jambo moja. Kampuni inapoahidi kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, na kuweka hesabu zake wazi, ni nini hasa kimeisukuma, na je, kilichoisukuma iahidi ndicho kinachoisukuma itende? Hapa vilikuwa vitu viwili tofauti, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja kampuni iliishi katika pengo lililo kati yake.

Usuli

Korosho ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa Mtwara na Lindi, lakini sehemu kubwa mno ya zao hilo huondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ambako ndiko hubanguliwa. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa na serikali katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuta uzalishaji umeporomoka: taifa lililovuna takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/1974 lilikuwa limeshuka chini ya tani 20,000 ilipofika katikati ya miaka ya 1980. Vingi vilisimama, baadaye vikabinafsishwa, na vingine vikageuzwa maghala. Kiwanda cha kisa hiki ni cha kizazi kilichofuata. Ni cha watu binafsi, kina ukubwa wa kati, na hununua malighafi yake kupitia minada ya vyama vikuu vya ushirika chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima huweka zao ghalani, hupewa stakabadhi, na zao huuzwa mnadani. Wafanyakazi wake wengi ni wanawake wa vijiji vya jirani.

Msomaji asiyejua ubanguaji anahitaji kuona mahali nishati inapotumika. Korosho ghafi hupangwa kwa ukubwa, kisha hupikwa kwa mvuke wa boila ili ganda lilegee. Zikishapoa hupasuliwa, na korosho karanga hukaushwa kwenye tanuri, humenywa ngozi ya ndani, huchambuliwa kwa madaraja kama W240 na W320, na hatimaye hufungwa katika mifuko isiyoingiza hewa. Kwa hiyo mvuke na joto la tanuri ndivyo vinavyobeba kazi yote. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya karanga, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maganda. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi ya mikono ya wabanguaji. Likichomwa likiwa na mafuta yake, moshi wake huwa mweusi, hukereketa koo na kuwasha macho, na huwafikia hata walio mbali na uzio wa kiwanda.

Upande wa umeme nao una historia yake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ile ya Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kupeleka gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Hata hivyo, kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilitegemea mitambo yao ya gesi iliyokuwa nje ya Gridi ya Taifa, na mtambo mmoja ukipata hitilafu, mikoa yote miwili iliyumba. Kila kiwanda kilijifunza kuwa na jenereta ya dizeli. Kiwanda hiki kilikuwa nazo mbili.

Mwanzoni mwa kipindi hiki, basi, boila ilikuwa ikila mchanganyiko wa kuni na maganda yenye mafuta, umeme ulikuwa wa shirika la umeme na wa jenereta, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kusema kiasi gani cha kimojawapo kilitumika kuzalisha tani moja ya karanga.

Mfuatano wa matukio

*Dodoso la mnunuzi.* Mwaka 2023 mnunuzi mkubwa wa Ulaya alituma dodoso refu lililotaka kiasi cha gesijoto kwa kila tani ya karanga, mwaka wa kulinganishia, lengo la kupunguza, na jina la anayewajibika. Mkurugenzi aliliita jambo la wazungu na kulipeleka kwa ofisa masoko, ambaye alilisoma pamoja na habari alizokuwa amezisikia kuhusu sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya bidhaa zisizotokana na ukataji misitu. Hofu ikaingia. Vikao viwili vya menejimenti vilitumika kujadili namna ya kupiga picha za satelaiti za mashamba ya wakulima, jambo ambalo lingemaliza bajeti ya mwaka.

Hofu hiyo haikuwa na msingi. Sheria hiyo, ya mwaka 2023, inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na bidhaa zinazotokana navyo. Korosho haimo. Vivyo hivyo utaratibu wa Ulaya wa kutoza kaboni mipakani, ulioanza kwa kipindi cha mpito Oktoba 2023, unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Hilo lilipofahamika, ofisini walishusha pumzi, na baadhi wakahitimisha kwamba dodoso lingeweza kuwekwa kando. Hapo walikosea upande wa pili. Mnunuzi hakuwa akitekeleza sheria ya misitu. Alikuwa akitafuta hesabu zake mwenyewe. Chini ya kanuni za kimataifa za kuhesabu gesijoto, fungu la kwanza ni moshi wa mitambo ya kampuni yenyewe, la pili ni umeme inaonunua, na la tatu ni kila kinachotokea kabla na baada yake, zikiwemo bidhaa inazonunua. Boila ya Mtwara ilikuwa ndani ya fungu la tatu la mnunuzi, na sheria ya Ulaya ya taarifa za uendelevu, iliyoanza kufanya kazi Januari 2023, ilikuwa inamwelekeza kuliripoti fungu hilo.

*Ahadi.* Kampuni ilimwajiri mshauri kutoka nje ya mkoa. Baada ya wiki chache akatoa waraka wenye rangi nzuri uliotangaza kwamba kiwanda kilikuwa tayari kinakaribia kutoa gesijoto sifuri, kwa kuwa nishati yake ya joto ilitokana na mimea, na kwamba kitapanda miti kufidia dizeli. Bodi iliupitisha katika kikao kimoja. Ahadi ikachapishwa kwenye tovuti, ikabandikwa mapokezi, na ikatumwa kwa mnunuzi, ambaye alijibu kwa shukrani. Miche ikapandwa mwanzoni mwa mvua, na mingi ikaliwa na mchwa kabla ya kiangazi kuisha. Kwa miezi kadhaa baadaye hakuna kilichobadilika pale boila ilipo.

*Moshi, kuni na benki.* Mambo matatu yalikuja kwa wakati unaokaribiana, na hakuna hata moja lililokuwa na uhusiano na Ulaya. La kwanza, wakazi wa mtaa wa jirani walifika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kulalamikia moshi. Mama mmoja alieleza mbele ya mwenyekiti kwamba nguo alizoanika asubuhi alizianua jioni zikiwa na masizi, na kwamba wajukuu zake wanakohoa msimu mzima wa ubanguaji. La pili, kuni zilipanda bei na zilikuwa zinatoka mbali zaidi, kwa sababu mikorosho mikongwe iliyokuwa ikikatwa jirani ilikuwa inaisha. La tatu, kampuni iliomba mkopo wa kununua korosho ghafi kabla ya minada ya Oktoba. Tangu Benki Kuu ya Tanzania itoe mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu hatari za kifedha zitokanazo na tabianchi, mabenki yamekuwa yakiuliza maswali ambayo zamani hayakuwamo kwenye fomu. Ofisa mikopo alisoma waraka wenye rangi nzuri, akaufunga, akauliza: tani ngapi za kuni kwa mwezi, na hati zake za misitu ziko wapi?

Hakukuwa na jibu.

*Daftari la boila.* Jibu lilianza kupatikana mahali ambapo hakuna mshauri aliyewahi kuingia. Fundi wa boila, mzee aliyeanza kazi hiyo katika kiwanda kingine kabla hakijafungwa, alikuwa na daftari la mistari lililofungwa kwa mpira, ambalo aliandika ndani yake kila zamu: saa ya kuwasha, presha ilipofika, idadi ya mapipa ya korosho yaliyopikwa, na tripu za Fuso zilizoshusha kuni. Pembeni alikuwa ameweka alama ndogo ya msalaba kwa kila tripu ya kuni mbichi. Mkurugenzi alipomuuliza, “Mzee, hizi alama ni za nini?” alijibu, “Tukichoma kuni mbichi, mkurugenzi, tunachemsha maji mara mbili: ya boila na ya kuni zenyewe. Siku za alama hizi presha inachelewa na moshi unashuka kwa majirani.”

Daftari lile lilikuwa na misimu miwili. Kilichokosekana ni uzito, kwa sababu kuni zilinunuliwa kwa tripu na tripu hupimwa kwa macho. Tuliomba mizani ya ghala inayopimia magunia, tukapima tripu moja baada ya nyingine kwa majuma kadhaa, kisha tukazigawa katika makundi ya kuni kavu na kuni mbichi. Mtunza ghala akaleta leja ya dizeli. Dizeli ni rahisi kuihesabu, kwa kuwa lita moja ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo pipa moja la lita 200 ni zaidi ya nusu tani. Kwa mara ya kwanza kampuni ikawa na hesabu yake yenyewe kwa kila tani ya karanga.

Hesabu hiyo ilivunja ahadi iliyokuwa ukutani. Kanuni za kimataifa hazisemi kwamba moshi wa kuni ni sifuri. Zinasema hewa ukaa inayotokana na mimea iripotiwe peke yake, nje ya mafungu matatu lakini ionekane, huku methani na oksidi ya nitrasi zinazotoka katika moshi huohuo zikiingia fungu la kwanza. Mshauri alikuwa ameacha yote mawili. Zaidi ya hapo, kuiita kuni nishati isiyo na madhara kunahitaji kujua kwamba mti uliokatwa umepandwa tena au utachipua, na sehemu ya kuni zile ilitoka katika miombo bila mtu kujua nini kilifuata.

*Kimbunga Hidaya.* Mapema Mei 2024 kimbunga hicho kilipiga pwani ya kusini, na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Kilwa. Vipuri na dizeli vilichelewa. Msimu wa ubanguaji ulikuwa unaelekea ukingoni, hivyo hasara haikuwa kubwa, lakini katika kikao kilichofuata hakuna aliyeyaita tena mabadiliko ya tabianchi jambo la wazungu.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kiufundi na ulipita bila ubishi mwingi. Mabomba ya mvuke yaliyokuwa wazi yalifunikwa. Maji ya moto yaliyokuwa yakimwagwa yalirudishwa kwenye boila. Kibanda cha kukaushia kuni kilijengwa, na ikaamuliwa tripu yenye kuni mbichi ilipwe bei ya chini. Hatua kubwa ilikuwa kununua mashine ya kukamua mafuta ya maganda. Mafuta hayo yana soko katika utengenezaji wa rangi na vitambaa vya breki, na mashudu yanayobaki huwaka kwa usafi zaidi kuliko ganda lenye mafuta yake. Sababu zilizoandikwa katika muhtasari wa kikao ni gharama ya kuni, mapato ya mafuta na malalamiko ya majirani, kwa mpangilio huo. Neno tabianchi halimo. Naliona hilo kuwa jambo la maana kuliko kila kilichoandikwa katika waraka wa mshauri.

Uamuzi wa pili ndio ulioleta mvutano, nao ulihusu uwazi. Kampuni ilikuwa na njia tatu: kuiacha ahadi ya sifuri ukutani na kurekebisha mambo kimyakimya, kuiondoa bila maelezo, au kuitangaza upya ikiwa ndogo, na kusema ile ya kwanza haikuwa sahihi. Ofisa masoko alipinga njia ya tatu kwa hoja nzito. Mnunuzi ameipokea ahadi ya sifuri, washindani wengine wanajiita safi bila kupima chochote, na atakayetoa namba halisi ndiye atakayeonekana mchafu. Mhasibu naye alikuwa na hofu ambayo haikutajwa kikaoni hadi siku ya pili: namba ya kuni ikichapishwa, maofisa wa misitu watauliza hati, na baadhi ya waleta kuni hawakuwa na hati za kusafirishia mazao ya misitu kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Hofu ya mhasibu, iliyoonekana kuwa sababu kubwa ya kuficha, ndiyo iliyogeuza mjadala. Mjumbe mmoja wa bodi, aliyewahi kufanya kazi benki, alisema kwamba ikiwa kampuni inashindwa kuchapisha namba kwa kuogopa hati, basi tatizo si namba. Mkopo ungeombwa tena mwaka unaofuata, na swali la ofisa mikopo lingekuwa lilelile. Bodi ikaamua kwanza kununua kuni kwa waleta wenye hati tu, hata kwa bei ya juu, kisha kuchapisha. Ikaondoa neno sifuri. Mahali pake ikaweka ahadi finyu yenye mwaka wa kulinganishia, kipimo cha kuni na dizeli kwa kila tani ya karanga, na taarifa moja kila baada ya msimu. Hewa ukaa ya kuni na maganda ikapewa safu yake peke yake. Mnunuzi aliandikiwa barua iliyoeleza kosa la waraka wa kwanza.

Matokeo

Matumizi ya kuni kwa kila tani ya karanga yalipungua kwa kiasi kilichoonekana katika vitabu vya manunuzi ndani ya msimu mmoja. Moshi ulipungua lakini haukuisha, kwa sababu siku ambazo mashine ya kukamua iliharibika, maganda yenye mafuta yalirudi kwenye boila. Benki ilitoa mkopo, ikatumia taarifa ya msimu kama sehemu ya ufuatiliaji wake, na haikushusha riba. Mnunuzi wa Ulaya alichukua wiki nyingi kujibu barua, kisha akaomba ufafanuzi, kisha akaendelea kununua. Mnunuzi mwingine, aliyekuwa akitumia ahadi ya sifuri kwenye vifungashio vyake, alipunguza oda yake bila kutoa sababu.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya uliahirisha kwa miaka miwili wajibu wa kuripoti kwa makundi makubwa ya kampuni zilizokuwa zinasubiri zamu, na mapendekezo ya kuilegeza sheria yenyewe yakaanza kujadiliwa. Madodoso yakapungua. Ilikuwa rahisi kwa kiwanda kurudi kilikotoka, lakini hakikurudi. Mizani ya kuni ilibaki mahali pake na taarifa ya msimu ilitoka, kwa kuwa meneja uzalishaji tayari alikuwa anaitumia kupanga manunuzi ya kuni, na benki ilikuwa inaidai.

Uchambuzi

*Nani alisukuma nini.* Barua ya mnunuzi ilikuwa na nguvu ya kupata saini, na nguvu hiyo ilikwisha siku saini ilipopatikana. Mnunuzi aliye mbali anaweza kudai karatasi, na hupewa karatasi. Hana jicho la kuona tripu ya kuni mbichi, na dodoso lake halikuuliza swali ambalo lingeifichua. Hili halimaanishi kwamba shinikizo la soko halina thamani. Bila barua ile, kampuni isingekuwa na ahadi ya kuvunja, na bodi isingewahi kuketi kujadili boila. Lakini wanaoandika kwamba soko la nje ndilo litakaloleta mageuzi viwandani kwetu wanahesabu ahadi, hawahesabu kuni.

Kazi ilisukumwa na waliokuwa karibu: jirani mwenye nguo zenye masizi, benki yenye fomu, na bei ya tripu. Ukiangalia kwa makini, kila mmoja wao alikuwa na njia ya kurudi na kuuliza tena. Wakazi wanaishi palepale na wana mwenyekiti wa mtaa, na nyuma yake ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mkopo huombwa kila mwaka kabla ya mnada. Bili ya kuni huja kila wiki. Mnunuzi aliuliza mara moja na kuridhika. Kwa maoni yangu, marudio hayo ya swali yana uzito kuliko ukali wa anayeuliza, na benki zetu zina nafasi hapa ambayo bado hazijaitumia ipasavyo. Ofisa mikopo anayeuliza tani za kuni na hati zake amefanya zaidi ya mabango mengi ya kampeni.

Malengo ya taifa yalikuwa na nafasi ndogo kuliko nilivyotarajia. Tanzania imeahidi chini ya Mkataba wa Paris kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote. Katika nyaraka zote za kampuni hii ahadi hiyo ilitajwa mara moja, katika utangulizi wa mshauri. Hakuna aliyewahi kukiambia kiwanda cha ukubwa huu sehemu yake katika lengo hilo ni ipi, na lengo lisilogawanywa halimfikii mtu wa boila.

*Kilichofaulu.* Kipimo kilianzia kwa aliyekuwa anapima tayari. Kumbukumbu za fundi, leja ya mtunza ghala na mizani ya magunia zilitosha kutoa namba ambayo benki iliikubali, bila programu ya kompyuta na bila kifaa kipya. Sababu ya pili ya mafanikio ni kwamba kipimo kilichochaguliwa kilikuwa na matumizi ndani ya kiwanda. Kuni kwa kila tani ya karanga ni namba ambayo meneja angeitaka hata kama dunia isingekuwa inapata joto. Na kuitangaza ahadi upya ikiwa ndogo kulifanya jambo ambalo ofisa masoko hakulitazamia: wafanyakazi waliokuwa wakipita mbele ya bango la sifuri huku wakikohoa waliacha kulichukulia kama maneno ya wageni. Mbanguaji mmoja aliuliza kwa nini vumbi la chumba cha kumenyea halimo kwenye taarifa. Lilikuwa swali zuri, na sasa vumbi hilo linapimwa.

*Kilichoshindikana.* Makosa ya mwanzo yaligharimu zaidi ya mwaka. Menejimenti ilitumia nguvu kuogopa sheria isiyoihusu, na ingetosha kusoma orodha ya bidhaa saba. Waraka wa mshauri ulinunuliwa kama mtu anavyonunua stika ya kubandika kwenye kioo cha gari, na hakuna mjumbe wa bodi aliyeuliza namba zilitoka wapi. Upandaji miti ulifanywa bila kuulizia utunzaji. Wakazi waliolalamikia moshi hawakuitwa kuelezwa mpango mpaka mashine ilipokwisha kufungwa, na wengine bado wanaamini kiwanda kilifanya hivyo kwa kuogopa ofisi fulani. Si kweli, lakini kampuni haikuwapa sababu ya kuamini vinginevyo. Mashine ya kukamua haina mbadala wala akiba ya vipuri, kwa hiyo kila ikisimama, mtaa unajua kabla ya mkurugenzi.

Kushindwa kukubwa zaidi kuko mashambani. Sehemu ya gesijoto ya karanga hutokea kabla korosho haijafika kiwandani: katika salfa inayopulizwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, katika moto wa kusafishia mashamba, katika malori yanayotoka kwenye maghala ya vyama vya msingi. Katika mfumo wa mnada, kiwanda hununua shehena iliyochanganywa kutoka kwa wakulima wengi, na hakiwezi kusema mkulima gani alifanya nini. Viongozi wa vyama vya msingi waliofuatwa walisikiliza kwa heshima, kisha wakauliza swali la haki: mkulima akiandika kiasi cha salfa na akaacha kuchoma shamba, bei ya mnada itabadilika? Haitabadilika, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya aliyetaka taarifa hajaongeza hata shilingi moja kwa karanga zenye taarifa. Gharama yote ya uwazi mpaka sasa imebebwa na kiwanda, na upo mpaka ambao kiwanda hakiwezi kuuvuka bila kumbebesha mkulima. Bodi ilikataa kumbebesha, nami nakubaliana nayo.

Kwa sababu hiyo, katika taarifa ya pili ya msimu, safu ya mashambani imeandikwa “haijapimwa”. Pembeni yake kumewekwa cheo cha anayewajibika kuipima, orodha ya vyama vya msingi viwili vilivyokubali kuanza na leja ya salfa pekee, na maelezo kwamba gharama ya leja hizo imeombwa kwa mnunuzi kwa barua, na jibu lake litachapishwa katika taarifa ya msimu unaofuata, likiwa la kukubali au la kukataa.